Kuba la Mwamkulu

Mwamkulu, 3 Juni 2024

Scola,

Mimi mzima. Simu imeanguka kwenye zege, zege likamwagwa. Sa hivi iko ndani ya msingi wa nyumba ya mtu. Sitanunua nyingine. Ukiwa na neno andika. Iman wa steshenari pale Kashaulili, Mpanda mjini, atakuwa anaipiga picha barua yangu anaituma kwenye simu ya Mwanaiddi, mama Sabrina. Ya kwako anaichapa, naipitia nikitoka kazini. Anasema hasomi.

Sabrina anaendeleaje? Mshike vizuri huyo mtoto, ndo kazi mama yake aliyokupelekea huko India. Moyo si jino.

Sasa kuna hili. Mjomba wako Ladislas alikuja Jumamosi kutoka Kibaoni. Anataka kuona kaburi la mama yako. Nikampeleka. Hamna kitu, Scola. Msalaba umeliwa na mchwa. Ng'ombe wa Wasukuma wanakatiza pale kwenda kunywa maji, masika yote wamepita, matuta yote yamelala sawa na njia. Kaburi linalojulikana ni la Mzee Siméon tu, yule Mrundi, sababu wanawe waliliwekea vigae. Ladislas akaniuliza Felista yuko wapi. Nikanyoosha mkono, nikasema pale. Pale ni pakubwa.

Akasema, "Shemeji, dada yangu amelala kama mbuzi aliyegongwa na lori."

Akasema ukoo wao umekaa kikao. Wananipa mpaka mwezi wa tisa. Wakija wakute kaburi limejengwa, basi. Wasipokuta, wanachukua udongo.

Wewe hujawahi kuiona hiyo. Wanachimba udongo upande wa kichwa, wanaufunga kwenye kanga, wanaenda kuuzika kwao na kulia upya. Hapo marehemu amerudi kwao. Huku panabaki shamba tu. Mume hana mtu pale. Hata siku yangu ikifika nikisema nilazeni karibu na mke wangu, wataniuliza mke gani.

Mimi nataka kulala pale. Sina ombi lingine.

Kuna sehemu mbili zinaweza kuwa yeye, huku na huku ya Mzee Siméon. Siku ile nilikuwa nimeshika kamba ya jeneza, pembeni sikutazama. Kuuliza watu hapa siwezi. Mwanaume unaenda kwa jirani, "Samahani, mke wangu mlimzika wapi?" Hiyo inafika Kibaoni kabla mimi sijafika nyumbani. Wewe ulikuwepo. Niambie ni upande gani.

Baba yako,
Yohani


Delhi, 6 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Barua imefika. Pole na simu. Mama Sabrina amecheka sana, na ni wiki nzima hajacheka. Sabrina bado hajapasuliwa, wanasubiri homa ishuke. Mama yake chakula hali, anakunywa chai tu na kuhesabu tasbihi. Mimi ndo nalala na mtoto.

Kuhusu mama usihangaike. Nakumbuka kila kitu. Tulikuwa tumesimama kina mama wote pamoja, mama mdogo amenikamata kiunoni nisianguke, na kaburi la Mzee Siméon liko mbele yetu, vigae vinatuwaka machoni. Mama walimshusha kushoto kwake. Kushoto, Baba. Hata nikifumba macho naona.

Nimesikitika kuhusu ng'ombe. Na mjomba naye angesema pole pole.

Huku kwenye korido ya wodi wametundika picha za majengo makubwa ya dunia. Nesi mmoja anasema ni ili wauguzaji wapate pa kutazama. Nimezitazama mpaka nimezikariri. Kuna yale mapiramidi ya Misri, mawe juu ya mawe mpaka mbinguni, na ndani amelazwa mfalme. Kuna mnara wa Ufaransa wa vyuma vitupu. Kuna ukuta wa China, unapanda milima na kushuka, mwisho wake huuoni. Na kuna moja ya huku huku India, jengo jeupe lina kuba kubwa katikati, kama yai limesimamishwa. Linaitwa Taj Mahal. Mfalme alimjengea mke wake alipofariki. Hosteli tunayokaa wanasema watakodi basi la wauguzaji, tukalione. Sijui kama nitaweza kumwacha Sabrina.

Kula, Baba. Usile mihogo mikavu tu.

Mwanao,
Scola


Mwamkulu, 12 Juni 2024

Scola,

Kushoto. Nimesikia.

Hizo picha zako nimezifikiria kazini. Ya Misri sijaipenda. Mtu mmoja amekufa, wamemrundikia mawe mpaka imekuwa mlima. Milima huku tunayo, hatukuijenga. Ule mnara wa vyuma nimemwuliza Malale, fundi wangu, una kazi gani. Akasema wa kupanda.

"Ukishapanda?"

"Unashuka."

Ukuta wa China ndo wa maana. Wangetukatia kipande tuzungushie makaburi.

Ila hilo jeupe. Hicho kichwa cha mviringo unachoita kuba, kinashikwa na nini? Malale anasema lazima ndani kuna nondo. Mimi nikamwuliza zamani hizo nondo walinunua duka gani. Tumebishana mpaka ugali umepoa. Kama hilo basi lipo, nenda, mama Sabrina atakaa na mtoto wake siku moja. Uangalie kwa ndani. Nje kila mtu anaangalia.

Yohani


Delhi, 30 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nimeenda. Mama Sabrina alinisukuma mwenyewe, akasema nenda ukaombe dua kwa ajili yetu, nikamwambia mimi Mkatoliki, akasema ombea hiyo hiyo.

Joto la kule Agra si la Mpanda, Baba. Linakukaba. Mlangoni tulivalishwa vifuko juu ya viatu tusichafue sakafu. Nilikuwa nimeiona picha kila siku lakini nilipolikuta lenyewe nilisimama, watu wa nyuma wakanigonga. Jeupe, na ule weupe haukai sehemu moja. Wingu likipita linakuwa kama maziwa, jua likirudi unafumba macho. Ukutani kuna maua, nikadhani yamechorwa. Kumbe ni mawe ya rangi yamekatwa na kupachikwa ndani ya jiwe jingine, ukipitisha kidole husikii maungio.

Nimeangalia ndani kama ulivyosema. Hamna nondo. Mwongoza wageni alisema kuba ni matofali, yamepangwa kwa duara, kila moja linamwegemea mwenzake ndo maana hakuna linaloanguka. Marumaru imevishwa juu tu. Mwambie fundi Malale.

Na pembeni kuna minara minne. Ukiitazama vizuri imelalia nje kidogo. Walifanya makusudi, ili tetemeko likija iangukie nje, isimwangukie mke.

Alifariki akijifungua, mtoto wa kumi na nne. Wanasema mfalme alijifungia ndani kwa huzuni, akatoka nywele zimekuwa nyeupe. Nikakukumbuka. Ila wewe zako zilikuwa nyeupe tayari, mama alikuwa anasema umezaliwa nazo.

Sabrina homa imeshuka. Watampasua mwezi ujao.

Scola


Mwamkulu, 28 Julai 2024

Scola,

Limeisha.

Sikukwambia nilipoanza, nilijua utatuma maneno mengi. Matofali nimefyatua na kuchoma mwenyewe. Malale alinipa saruji iliyogandia mfukoni, nimeiponda, nimechekecha, imefaa. Matofali ya duara yamenishinda. Yameanguka, nikapanga, yameanguka. Nikachukua karai langu la kazini, nikalifudikiza juu ya kaburi, nikalipaka oili chafu ya pikipiki lisishike, nikapiga zege juu yake. Zege likakauka. Karai likagoma kutoka. Nimeliacha humo humo. Sa hivi kazini nabebea ndoo.

Malale amecheka mpaka amekaa chini. "Si nilikwambia ndani lazima kuna chuma?"

Pembeni nimesimika mabomba manne nimeyajaza zege. Nimeyalaza nje kidogo. Nimepiga chokaa lote. Juu nimeweka msalaba wa nondo, na mbele nimeandika kwa msumari FELISTA.

Watu wanakuja kutazama. Wanaotoka mnadani wanasimamisha pikipiki, wanapiga picha. Watoto wanaliita Kipara. Katekista alikuja juzi, amekunja mikono nyuma.

"Yohani, umejenga msikiti kwenye makaburi yetu?"

"Kuna msalaba."

"Msalaba juu ya msikiti."

"Ni la India."

"Paroko anajua habari za India?"

"Kamwulize."

Ameenda. Hajarudi.

Mbaruku mwenye duka naye amepita. Amesema wao Waislamu hawaruhusiwi kupamba kaburi hivyo, lakini akazunguka akaangalia pande zote, akasema limesimama vizuri. Naye hasifii kitu ovyo, hata bidhaa zake.

Ladislas aje sasa. Iman alikuja na simu amepiga picha, anakutumia pamoja na hii.

Yohani


Delhi, 1 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Kwanza: Sabrina amepasuliwa na amefungua macho. Daktari amesema moyo umekubali. Mama yake ameanguka sakafuni, si kuzimia, ni kusujudu. Picha yako nimemwonyesha mtoto, amesema kwa sauti ndogo, "Dada Scola, nani ameweka mpira pale?"

Nilikuwa nafurahi na mimi. Nikaitazama tena ile picha. Baba, kaa kwanza.

Kwenye picha, kando ya kuba, kaburi la Mzee Siméon linaonekana na jina lake linasomeka. Siku ya mazishi mimi sikuliona jina. Nimejilazimisha kukumbuka na sikuliona, kwa sababu sisi tulikuwa upande wa nyuma, kule kwenye vichaka, wanawake wanakosimama siku zote. Nyie wanaume mlikuwa upande wa jina, kwenye udongo uliochimbwa. Mlikuwa mmetuelekea sisi na sisi tumewaelekea nyie. Ile kushoto niliyokwambia ni ya kwetu wanawake. Kwenu ni kulia.

Umejenga upande mwingine. Mama yuko upande wa pili wa Mzee Siméon.

Sijui huyo uliyemjengea ni nani.

Nisamehe. Nililala nikiwaza hili jengo la Agra. Kuna kitu sikukuandikia wakati ule kwa sababu nilikiona hakina maana. Makaburi wanayoonyeshwa watu pale ndani, yale yenye maua ya mawe, hayana mtu. Wenyewe wamelazwa chini yake, kwenye chumba kilichofungwa, wageni hawashuki. Watu wanasimama pale juu wanafuta machozi, na juu pale hapana mtu. Hakuna anayeona ni uongo. Sijui kwa nini nakuandikia.

Utafanyaje, Baba? Mjomba anakuja mwezi ujao.

Scola


Mwamkulu, 11 Agosti 2024

Scola,

Hujakosea. Wanaume hatujawahi kusimama kule vichakani, ndo maana hatujui kunaonekanaje.

Iman alinipa barua yako imekunjwa, hakunitazama usoni. Ameisoma. Nimemwambia akisema nitamfyatulia tofali. Ameapa kwa mama yake.

Nimeenda huko upande wa pili. Kuna majani na kinyesi cha ng'ombe. Nimekaa kidogo. Nikaondoka.

Aliyeko chini ya kuba nimemjua Alhamisi. Nilikuwa pale naziba ufa. Akaja mtu mrefu, shuka begani, fimbo. Akasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikaitikia.

"Wewe ndo umejenga?"

"Ndo mimi."

"Felista ndo nani?"

"Mke wangu."

"Mke wako anafanya nini juu ya mama yangu?"

Anaitwa Nyanda. Mama yake ni Ng'washi. Walipohamia huku na ng'ombe zao hawakuwa na kiwanja, mama akafa, wakamfunga kwenye ngozi wakamleta pale kwa watu. Nikamwambia nimekosea upande. Nikamwambia nyundo ninayo, nabomoa leo. Akalizunguka. Akagonga kuba kwa fimbo, likalia kama karai.

"Kuna nini humu?"

"Karai."

Akagonga tena.

"Mama yangu alikuwa anaogopa nyumba ya saruji. Anasema haina pa kupumulia."

"Nabomoa."

"Ngoja wewe. Wake zangu wamelipenda. Wanasema Katavi nzima hakuna mwanamke wa Kisukuma amelala hivi. Nikilibomoa nitalala nje mimi."

Nikamwambia ng'ombe wake ndo wamefuta kaburi la mke wangu. Akasema wamefuta na la mama yake, ng'ombe hawajui huyu wa nani. Mwisho nikamweleza habari ya Kibaoni na udongo, sikuona pa kujificha. Akafikiri, akasema basi jina la Felista likae mpaka wakwe zangu waje waone, waridhike, waondoke. Wakishaondoka nifute niandike Ng'washi. Na ng'ombe atawapitishia juu, njia ya darajani.

Ndo hivyo. Wataona, wataridhika, mama yako atabaki.

Yohani


Delhi, 14 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mama hakupenda uongo. Alikuwa anakurudishia hata ule wa kusema umeshiba. Nataka kukwambia mweleze mjomba ukweli, kisha naona ukimweleza atauliza Felista yuko wapi, ukimwonyesha majani na kinyesi atachukua udongo siku hiyo hiyo. Wala hatakosea, walikubaliana.

Na bibi mzaa mama je? Atalia kwenye kaburi la mtu asiyemjua.

Sijui, Baba. Nipo mbali. Fanya unavyoona. Kama utafanya, usiniandikie kwa Iman. Nassib, kaka yake Mama Sabrina, anakuja huku katikati ya mwezi wa tisa kutuchukua. Mpe mkononi.

Sabrina ameanza kutembea. Anashika ukuta wa korido, anapita picha moja moja. Kwenye ule mnara wa vyuma anapumzika.

Scola


Mwamkulu, 15 Septemba 2024

Scola,

Hii anayo Nassib. Ukishaisoma ichane.

Walikuja jana. Ladislas, wajomba zako wengine wawili, na bibi yako. Walikodi gari, Noah. Bibi hawezi tena kutembea mwenyewe, wanamshika huku na huku.

Ladislas alilizunguka kuba. Nikaona anatafuta kosa. Akakosa.

"Shemeji umefanya kazi."

"Nimejaribu."

"Hata sisi kwetu hakuna aliyejengewa hivi. Haya mabomba yamelalia nje kwa nini?"

"Yakianguka yasimpige."

Akatikisa kichwa. Mjomba wako mmoja akaanza kupiga picha. Nikajua imeisha, nikawa nafikiria kuwapeleka kunywa chai. Bibi akasema nipelekeni. Wakampeleka. Akaweka kiganja juu ya kuba, akakaa hivyo.

Akasema, "Baridi."

Ladislas akataka kumwondoa. Bibi akakaza kiganja.

"Mtoto wangu hapendi baridi. Toka mdogo. Twende naye."

Ladislas akasema, "Mama, si tulikubaliana akijenga..."

"Mlikubaliana nyie. Mimi mlinikuta nimelala."

"Amejenga, mama. Ameona haya, amejenga."

"Angejenga hata ghorofa. Nimesema twende naye."

Ladislas alinitazama. Alikuwa ananihurumia, nimemwona. Na mimi nilikuwa na maneno mdomoni. Nikisema huyu si Felista, watauliza Felista yuko wapi. Nikionyesha, wanaondoka naye. Nikisema sijui, wataondoka na jina langu mpaka Kibaoni, na wakirudi watachimba makaburi yote.

Pale njiani alikuwa amesimama Nyanda na ng'ombe zake. Aliwaleta njia ile makusudi, hakutaka kukosa. Mama ni wake. Akisema neno moja mambo yamekwisha. Nikamtazama. Ladislas akauliza yule nani.

"Jirani."

Ladislas akamsalimia, akamweleza kwa adabu, mzee wetu anataka udongo wa binti yake, sisi hatuna ubaya na mtu hapa. Nyanda akamsikiliza mpaka mwisho. Akatema mate pembeni.

"Chimbeni tu. Jembe mnalo?"

Hawakuwa nalo. Walikuja kuchukua udongo bila jembe, sababu hawakudhani watachimba. Nyanda akamtuma mke wake akaleta la kwake.

Wamechimba upande wa kichwa, chini ya ukuta wangu. Wameufunga kwenye kanga ya mama yako, ile ya njano, bibi alikuwa ameitunza. Ameupakata kwenye gari kama mtoto. Wameondoka wanaimba. Sikulia, na wameona sikulia. Watasema moyo wangu mgumu.

Tukabaki mimi na Nyanda.

"Wanampeleka wapi?"

"Kibaoni."

"Kuna majani?"

"Yapo."

"Basi. Mama alikuwa analalamika huku majani yamekwisha."

Akacheka, lakini alijifuta uso na shuka. Nikamwambia nitaenda kumweleza Ladislas, udongo wa mama yake urudi. Akasema nisiende. Akasema kiganja tu cha udongo, mama mwenyewe bado yupo, na yule bibi mzee amepata mtoto, nani anaenda kumnyang'anya.

Jina la Felista nimelifuta, nimeandika NG'WASHI. Katekista ameniuliza leo kanisani. Nimemwambia mke wangu amechukuliwa na kwao, nyumba nimempa mwingine. Amesema hiyo ni busara.

Upande wa pili nimepanga mawe kuzunguka. Sikujenga. Nimeacha upana wa watu wawili.

Yohani


Kibaoni, 2 Oktoba 2024

Shemeji Yohani,

Salamu nyingi. Hii nimempa konda wa basi, atakuachia kwa Mbaruku. Nasikia Scola na mtoto wa Mwanaiddi wamerudi salama, tunamshukuru Mungu.

Udongo tuliuzika vizuri pembeni ya nyumba, padri alikuja. Nataka ujue mimi sikufurahi vile ilivyokuwa. Ulijenga. Nimewaambia watu wote huku kwamba shemeji wetu alijenga, wala asilaumiwe. Ukija Kibaoni kula kwangu.

Sasa kuna jambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, hata miguu imepata nguvu. Lakini anaota. Anaota Felista amekuja asubuhi, amesimama mlangoni, mrefu kuliko alivyokuwa, na nyuma yake ng'ombe, uani hawaenei. Mama anamwita, mwanangu karibu. Anajibu kwa Kisukuma. Mama anamwambia sema Kipimbwe chetu, wewe ni wa hapa. Anacheka, anajibu Kisukuma. Ni kila mara hivyo. Mama haogopi, ila amekasirika, anasema nikuulize.

Felista alijifunza lini Kisukuma?

Na hao ng'ombe ni wa nani? Maana wewe ulipomwoa hatukuona hata mkia.

Shemeji yako,
Ladislas


Mwamkulu, 6 Oktoba 2024

Shemeji Ladislas,

Barua nimepata. Scola yupo hapa, amekusalimia. Nilimsomea, akatoka nje, akakaa huko muda.

Kisukuma amejifunza huku. Mwamkulu Wasukuma ni wengi. Jirani yake wa karibu kabisa ni Msukuma, na wamekaa pamoja miaka.

Ng'ombe msiwafukuze. Mlisema sikuwaleta, sasa wamekuja mnauliza wa nani.

Mwambie mama asimlazimishe Kipimbwe. Ametembea mbali, amefika mahali hajui mtu, anasimama mlangoni anacheka ili apokewe. Ampe kigoda. Ampe maziwa kama yapo. Ameshafika kwenu, ni wenu.

Yohani